Sura au viungo? Mwongozo wa kununua figa ukiwa Mbeya

Mama yangu aliposikia nimenunua figa, aliuliza mengine mawili yako wapi. Alidhani natengeneza jiko. Kwa faida ya wenye mawazo kama ya mama: figa ninazozisema hapa ni zile sanamu za plastiki za mastaringi wa sinema na katuni, zenye mikono na miguu ya kukunja, ambazo mtoto anazichezea na mtu mzima anazipanga kabatini na kufunga kwa ufunguo. Mimi ni wa kundi la pili. Nina mpwa wa miaka tisa wa kundi la kwanza, na kabati letu ni moja.

Kila anayeanza hukwama hapohapo. Mbele yake kuna figa mbili. Moja sura imetoka kama mwigizaji mwenyewe, hadi ndevu za siku mbili unaziona. Nyingine uso wake ni wa kawaida tu, lakini inapiga goti, inafunga mikono kifuani, inasimama wima bila kuegemezwa. Pesa inatosha moja. Kwa huku kwetu nyanda za juu nilishaamua: chukua viungo. Na kilichoniamulia ni baridi.

Julai mwaka fulani niliamka mapema nipige picha kabla jua halijawa kali. Ukungu ulikuwa bado umekaa kwenye mlima Loleza, vidole vyenyewe vinauma. Nikatoa figa kabatini, nikaishika mkono, nikazungusha bega. Gumu. Nikaongeza nguvu kidogo. Ta! Mkono ukabaki kiganjani mwangu na kipande cha pini kikabaki ndani ya bega. Ile sura nzuri ikaendelea kunitazama tu.

Baadaye ndiyo nikaelewa. Plastiki laini inayotumika sana kwenye mikono na miguu ya figa ni PVC iliyolainishwa, na ikipoa inakakamaa. Juu ya hapo, rangi ya kiwandani mara nyingi hupenya kwenye maungio na kuyagandisha, kwa hiyo figa mpya ina mambo mawili yanayoshikilia kiungo kwa pamoja. Mtu wa Dar hawezi kuliona hili, kwake kila siku ni joto. Wewe wa Mbeya, Njombe au Makete utaliona.

Dawa yake iko mezani kila asubuhi: chupa ya chai. Mimina maji ya moto kwenye kikombe, yaache yapungue ukali kidogo, zamisha kiungo kwa dakika moja, kisha zungusha taratibu ukisikiliza. Kikikubali, kipeleke mbele na nyuma mara kumi. Uso usiuzamishe. Tangu nianze kufanya hivi sijavunja tena, na mke wangu amenunua chupa nyingine ya chai iliyo ya chai tu.

Huo mkono uliovunjika aliuponya mpwa. Tulijaribu supaglu, ikashika vizuri mno, bega likawa la sanamu ya jiwe. Ndipo akasema, "Bamdogo, tuweke spoku." Tukaenda kwa fundi baiskeli akatukatia kipande cha spoku, tukatoboa pande zote mbili kwa sindano ya moto, tukapachika. Hadi leo mkono unazunguka.

Sasa twende kwenye upangaji wangu. Ni kwa nyumba yenye mtoto au wageni wenye mikono mirefu. Kama unaishi peke yako na hupokei wageni, nambari tatu ipandishe iwe ya kwanza.

1. Za sentimita 15 za Marvel Legends

Mstari huu wa figa za mashujaa wa Marvel ulianza 2002 ukiwa chini ya kampuni ya Toy Biz, na kampuni ya Hasbro wakauchukua 2007. Ndiyo figa ninayomshauri karibu kila mtu. Kiwiko na goti mara nyingi vina bawaba mbili mbili, kwa hiyo ngumi inafika karibu na bega. Kifundo cha mguu kinalala upande, na hiki ndicho kitu wanunuzi wengi hawakiangalii. Figa ikitanua miguu, nyayo zisipoweza kulala bapa chini, itaanguka kila lori likipita barabarani.

Kwenye sura walikuwa nyuma zamani. Macho yalikuwa ya kupakwa, jicho moja linatazama Tukuyu na lingine Chunya. Siku hizi nyuso za binadamu huchapwa kwa mashine ya wino, kama picha inavyochapwa, na ukiisogeza karibu kabisa utaona vinukta vidogo vidogo. Kwa umbali wa mkono mmoja ni mtu kamili. Matoleo mapya pia hayaonyeshi tena vichwa vya pini kwenye viwiko na magoti, ambavyo zamani viliharibu picha. Marekani bei imekuwa kwenye dola 25 hivi. Ikifika hapa imebeba nauli na kodi, kwa hiyo usishangae ikiwa mara mbili.

Ubaya wake: miguu ya plastiki laini ikikaa muda mrefu katika mkao mmoja hupinda. Maji ya moto kuinyoosha, kisha ya baridi kuikazia umbo.

2. Mtumba

Wacha wacheke. Pale Mwanjelwa, belo la midoli likifunguliwa, ukiwahi unaokota figa orijino kwa bei ya sahani ya wali. Hazina boksi, hazina silaha, mara nyingine hazina mkono. Lakini zilishachezewa na watoto wa huko zilikotoka na zikabaki hai. Mtihani huo hakuna duka linaloufanya.

Ukikuta ndogo za kama sentimita 10, zitazame viungo kwanza, zitakusimulia umri wao. Za sinema ya Star Wars zilizotolewa na kampuni ya Kenner kuanzia 1978 zilikuwa na viungo vitano tu: shingo, mabega, nyonga. Hazikunji kiwiko, na kwa sababu hiyohiyo hazivunjiki ovyo. Halafu 1982 Hasbro wakaleta G.I. Joe, figa za askari, za kimo hichohicho zilizokunja viwiko na magoti, na kiuno chake kimeshikiliwa ndani na oringi ya mpira. Ukiona figa ya namna hiyo imegawanyika katikati, usiiache! Haijavunjika, oringi tu imekauka ikakatika. Fungua skrubu moja mgongoni, peleka vipimo kwa wauza spea za pikipiki, ununue nyingine.

Hao G.I. Joe ndio mizizi ya mambo haya yote. Wa kwanza walitoka 1964, warefu sentimita 30, wakitangazwa kuwa na sehemu 21 zinazocheza. Hasbro walikwepa kabisa neno mdoli wakihofia wavulana watakataa, wakabuni jina jipya: action figure. Kwa hiyo hata anayekucheka leo kwamba mzee mzima unachezea midoli, kiwanda kilishamjibu miaka mingi iliyopita.

Mtumba uoshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Ule mnato unaousikia kwenye plastiki ya zamani, hasa iliyofungiwa muda mrefu, ni kilainishi cha PVC kinachotoka juu, siyo uchafu wa mtu.

3. Za Kijapani

S.H.Figuarts za Bandai na figma za Max Factory zilianza zote 2008, na MAFEX za Medicom Toy zipo kwenye kundi hilo. Hapa ndipo sura na viungo vinapokaribia kupatana. Mabega yanasogea mbele kama mtu anayekumbatia, kifua kinakunjika, na boksi lina viganja vya akiba na mara nyingi nyuso mbili au tatu: moja imetulia, nyingine inapiga kelele.

Tatizo ni wembamba. Ili mkunjo usionekane, kiungo kimefanywa kidogo, na vigingi vya viganja ni vyembamba kama njiti ya kiberiti. Kiganja kimoja kikidondoka kwenye zulia lenye manyoya, tafuta kwa magoti na tochi ya simu. Mpwa wangu alishika moja kwa dakika tatu na nilihesabu kila sekunde. Viungo vingine vya ndani ni vya plastiki ngumu inayoteleza, POM. Haichakai haraka, lakini ikivunjika supaglu haiishiki kabisa.

4. Za sentimita 18

McFarlane Toys, kampuni ya Todd McFarlane iliyoanza 1994, ndiyo iliyofundisha dunia kuchonga: kila mkunjo wa nguo, kila kovu. Wakati ule figa zake nyingi zilikuwa karibu sanamu kamili. Za mashujaa wa katuni za DC walizoanza 2020 zilitangazwa kuwa na viungo hadi 22, na bei yake ilianza dola 20 tu, kwa hiyo kwa ukubwa na mchongo ni rahisi kuliko zote. Kampuni ya NECA nao wana mchongo na rangi ya kupendeza, hasa mazimwi ya sinema za kutisha. Hizi mbili nazipenda kwa macho. Kwa mikono, chupa ya chai kwanza. Tena kimo chake hakiendani na za sentimita 15, ukizipanga pamoja moja inakuwa baba na nyingine mtoto.

5. Hot Toys na wenzake wa sentimita 30

Kampuni ya Hong Kong iliyoanza 2000. Sura? Sina la kusema. Niliwahi kuonyeshwa moja na jamaa mmoja, nikajikuta nimeiamkia. Vinyweleo vya ngozi, unyevu wa jicho, nguo za kitambaa halisi zenye mishono midogo.

Ila hapa ndipo kichekesho kilipo. Ndani ya zile nguo kuna mwili wenye viungo zaidi ya 30, na huwezi kuvitumia vizuri. Suti ya kubana inavuta mkono urudi chini. Zile zenye ngozi ya mpira ukiziacha zimekunja kiwiko kwa miezi, mpira unapasuka kwenye mkunjo. Ngozi bandia ya makoti na buti huliwa na unyevu na joto, ikaanza kubanduka maganda hata kama haijatoka kwenye boksi. Kwa hilo sisi tuna nafuu kuliko watu wa pwani, maana kiangazi chetu ni kikavu na cha baridi, ingawa masika ni masika. Vumbi la Septemba nalo hupenda kitambaa. Kwa bei inayozidi dola 200, unalipia viungo 30 ili mtu asimame wima kama askari wa lango.

6. Zisizokunjwa kabisa

Nimeziweka chini kwa sababu mwongozo ni wa viungo, lakini nisikilize: kama unachotaka ni sura tu, na hutaigusa, usinunue viungo. Kila kiungo ni mstari unaokata mkono wa shujaa wako. Sanamu tupu haina mistari hiyo na haina cha kulegea. Za Banpresto, ambazo Japani hutolewa kama zawadi kwenye mashine za kuvua kwa kucha za chuma, zina sura nzuri kwa pesa ndogo ukilinganisha na wanaojikunja. Funko Pop, wale wa vichwa vikubwa, hawafanani na mtu yeyote, wala hawajaribu.

7. Feki

Machinga wa Kabwe atakuambia, "Kaka, hii orijino, imetoka Dubai." Mwombe uifungue. Jina kwenye boksi limekosewa herufi? Viganja vyote viwili vya kushoto? Harufu inapiga kichwa? Isimamishe mezani, hesabu polepole hadi hamsini. Ikianza kuinama kabla hujafika, nyonga zimelegea tangu kiwandani. Kwa mtoto anayetaka tu kitu cha kurusha, elfu tano haina neno, mradi awe amevuka miaka mitatu, maana vipande vidogo vinakaba koo. Kwa kabati, hapana.

Nyonga ikilegea kwenye figa nzuri, paka rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye tufe la kiungo, tabaka jembamba, iache ikauke kabisa kabla ya kurudisha. Inanenepesha kiungo. Kinyume chake, kiungo kinachokwaruza usikipake mafuta ya cherehani wala ya kula. Yanakusanya vumbi na mengine hushambulia plastiki. Mafuta ya silikoni, tone moja.

Na dirisha. Rafiki yangu wa Iringa alipanga jeshi lake jeupe mkabala na dirisha la mashariki, kwa sababu asubuhi lilipendeza. Jua la juu hapa ni kali hata ukiwa umevaa sweta. Baada ya miaka miwili jeshi lote lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, isipokuwa migongo.

Kama unaagiza kutoka Kariakoo, mwambie anayetuma asiitoe figa kwenye kile kitanda chake cha plastiki ili kupunguza boksi, na kifurushi kisiwekwe chini ya magunia kwenye buti la basi. Kikifika, usifungulie stendi. Ukifika nyumbani kiache sebuleni hadi usiku, jiko likiwa limewaka, ndipo umshike mkono.