Boksi la Kadi za Kupanga Aya ya Maelezo: Tathmini ya Mwalimu wa Kidato cha Kwanza

Mwezi uliopita nilinunua, katika duka moja la vifaa vya shule Kariakoo, boksi la kufundishia aya ya maelezo kwa shilingi 24,000. Ndani yake mna bango kubwa la ukutani, bahasha nane za kadi za sentensi na mwongozo mwembamba wa mwalimu. Nimelitumia kwa majuma matatu katika darasa la wanafunzi 52, na ninawaandikia walimu wenzangu wa Kiswahili ambao, kama mimi, hulipia vifaa vya namna hii kutoka mifukoni mwao.

Thamani ya boksi hili imo katika bahasha. Kila bahasha ina aya moja iliyokatwa sentensi moja moja, na kikundi cha wanafunzi sita au saba huipanga upya kwa kutafuta kwanza sentensi kuu, kisha sentensi zinazoifafanua, na mwisho ile inayofunga. Bahasha ya karafuu ndiyo niliyoipenda zaidi. Sentensi kuu yake husema kwamba karafuu hupitia kazi nyingi za mikono kabla ya kuuzwa, na zinazofuata hueleza kuwa huchumwa kabla maua hayajachanua, huchambuliwa ili zitengane na makonyo, kisha huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa mpaka zigeuke rangi ya kahawia. Kikundi kilichotanguliza kuanika kilisahihishwa na wenzao kabla sijafika mezani kwao. Katikati ya kadi hizo imefichwa ya mtego, isemayo kuwa hakuna kiungo kinachonukia vizuri kama karafuu, na mwanafunzi anatakiwa aitambue kuwa ni maoni, si maelezo, aitoe. Kadi hiyo moja ilinisaidia kuliko vipindi viwili nilivyowahi kutumia kueleza tofauti hiyo ubaoni.

Bahasha ya Ziwa Tanganyika ilinipa taabu, na kosa si la wanafunzi. Sentensi zake ni za kweli: ziwa hilo linagawanywa na nchi nne, ambazo ni Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia, kina chake hufika takriban mita 1,470, na duniani linazidiwa kina na Ziwa Baikal peke yake, na maji ya Tanganyika hutoka kupitia Mto Lukuga. Lakini mambo haya hayafuatani kwa wakati kama kazi za karafuu, kwa hiyo anayetanguliza nchi na anayetanguliza kina wote wanaweza kuandika aya nzuri, mradi kila mmoja aweze kutetea mpangilio wake. Mwongozo unatoa jibu moja tu, tena bila sababu. Mwalimu mgeni akiufuata neno kwa neno atawakosoa watoto waliofikiri sawasawa, nao watajifunza kwamba kupanga aya ni kubahatisha alichokuwa nacho kichwani mtunga mtihani.

Bango silipendekezi. Limechorwa baga, ambamo mkate wa juu ni sentensi kuu, nyama na majani ni sentensi fafanuzi, na mkate wa chini ni hitimisho. Achilia mbali kwamba wengi darasani mwangu hawajawahi kuila. Tatizo kubwa ni kwamba mikate hiyo miwili inafanana. Binti mmoja aliuliza kama hitimisho basi ni sentensi ileile ya kwanza, na nilipokusanya madaftari nilikuta karibu nusu ya darasa wamefanya hivyo hasa, wakibadilisha neno moja au mawili. Ilinichukua kipindi kizima kuwaonyesha kuwa aya fupi ya maelezo inaweza hata kuishia kwenye jambo lake la mwisho bila kurudi ilikoanzia.

Kuhusu ubora wa vifaa, karatasi ya kadi ni nyepesi na pembe zilianza kukunjika juma la kwanza, nami nikazipeleka stesheneri zikafunikwa kwa plastiki. Ningelinunua tena kwa ajili ya bahasha zile nane. Bango limerudi ndani ya boksi, na kwenye mwongozo, pembeni mwa jibu la Ziwa Tanganyika, nimeandika kwa penseli mipangilio mingine miwili ambayo wanafunzi waliitetea nikashindwa kuipinga.