Mwenyekiti wa Ndani au Mwongozaji wa Nje?

Katika vikundi vya wakulima wa zabibu na vya kuweka na kukopa hapa Dodoma, swali la nani aongoze mkutano, mwenyekiti aliye mwanachama au mwongozaji mgeni aliyealikwa, huzuka kila mjadala unapokuwa mkali. Hata Katiba ya nchi imeacha milango yote miwili wazi: Ibara ya 84 inaruhusu Spika achaguliwe miongoni mwa wabunge au watu wenye sifa za kuwa wabunge, ilhali Naibu Spika, kwa Ibara ya 85, ni lazima awe mbunge.

Kwa gharama, mwenyekiti wa ndani hana mpinzani, kwani hadai nauli wala posho ya safari.

Uaminifu ndio wenye uzito zaidi. Anayewafahamu wanachama hutofautisha upesi hoja ya kweli na hoja ya kisasi. Lakini siku ajenda inapohusu mkopo wake mwenyewe au shamba la shemeji yake, kila anayekatizwa ataona hila, hata kama muda wake umekwisha kweli. Hapo mgeni hushinda, mradi awape nafasi wanawake na vijana, ambao mara nyingi hunyamazishwa na sauti kubwa.

Utekelezaji humrudishia mwenyekiti ushindi: mgeni huondoka, yeye hukutana na wanachama mnadani na kuwakumbusha maazimio.

Kikundi kichanga chenye fedha kidogo kimtumie wa ndani. Chenye mgogoro wa ardhi au hesabu kimwite wa nje, kwa ajenda hiyo tu.