Noah ya petroli na gesi, ukiishi Moshi

Toyota Noah yetu inatumia petroli na gesi asilia iliyoshindiliwa, yaani CNG, na tumeishi nayo katika miji miwili ambayo kila mmoja umeipa sifa tofauti kabisa. Ni ya kizazi cha ZRR70, kilichoanza kutengenezwa 2007, yenye injini ya 3ZR-FE ya lita 2 na viti vinane katika safu tatu. Mfumo wa gesi ulifungwa tulipokuwa tukikaa Dar es Salaam, na uhamisho wa kikazi ulipotuleta Moshi, gari lilikuja na mtungi wake nyuma.

Kuhusu Noah yenyewe, sina mengi ya kuwaambia watu wa Kilimanjaro wasiyoyajua. Milango ya pembeni ni ya kusukuma, kwa hiyo watoto hushuka hata mahali pa kubanana bila kuligonga gari la jirani, na mtu mzima anaweza kukaa safu ya tatu hadi Arusha, mwendo wa kilomita 80 hivi, bila kulalamikia magoti. Vipuri vinapatikana kwa urahisi kwa sababu Noah nyingi hubeba abiria kati ya mjini na vijiji vya mlimani. (Jambo hilo lina adha yake: ukisimama Kiboriloni siku ya soko, kuna atakayefungua mlango na kuuliza kama nafasi bado ipo.) Udhaifu mkubwa ni kwamba gari liko chini, na barabara za Kibosho zilizochimbwa na mvua halizipendi.

Mfumo wa gesi ndio unaostahili maelezo marefu. Gesi hukaa kwenye mtungi mnene wa chuma kwa mgandamizo wa takriban bar 200, kisha hupita kwenye regyuleta inayoupunguza mgandamizo huo kabla ya nozeli za gesi kuiingiza kwenye injini. Kila asubuhi gari huwaka kwa petroli, na maji ya injini yakishapata joto hujihamishia lenyewe kwenye gesi, kwa kuwa regyuleta hupoa sana gesi inapotanuka na hutegemea maji hayo ya moto isigande. Gesi ikiisha, gari hurudi kwenye petroli likiwa mwendoni, na abiria hawatambui chochote. Kwa ufundi huo sina lawama.

Dar es Salaam mfumo ulijilipa. Tuliufunga kwa gharama iliyozidi kidogo shilingi milioni 2, wakati kilo moja ya gesi ikiuzwa shilingi 1,550, nayo kilo hiyo ina nishati inayoizidi lita moja ya petroli. Kwa safari za kazini na shuleni, fedha ya mafuta ilipungua kwa zaidi ya nusu. Tulichotoa badala yake ni muda, kwani vituo vilikuwa vichache na foleni ya bajaji na teksi ilianza kabla hakujapambazuka.

Moshi hesabu hiyo haipo. Bomba kuu la gesi linatoka Mtwara kwenda Dar es Salaam na halipandi kaskazini, na vituo vya kujaza vimefuata bomba. Mtungi wetu huchukua kilo 11 hivi, zinazotosha kilomita 130 au zaidi kidogo, nayo safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni kilomita 560 hivi. Ukijaza unapoondoka, utaipita Chalinze kwa gesi, lakini Segera utaifikia kwa petroli, na kuanzia hapo Korogwe, Same na Mwanga zote ni petroli. Bei ya petroli hiyo ni ile ya ukomo inayotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kama kwa gari lingine lolote.

Wakati huo huo mtungi mtupu unaendelea kula nafasi. Pamoja na fremu yake una uzito unaokaribia wa mtu mzima mmoja, nao umefungwa nyuma ya safu ya tatu, mahali ambapo hata bila mtungi buti ni finyu. Familia ikijaza viti vyote, mizigo haina pa kukaa. Ukivikunja viti vya nyuma upate nafasi ya mizigo, umebaki na gari la watu watano. Mkungu wa ndizi kutoka Marangu tumelazimika kuupandisha kwenye keria. Kwa familia kubwa ninaona kasoro hii ni nzito kuliko kukosa kituo, kwa sababu kituo kinaweza kufunguliwa siku moja, lakini buti halitaongezeka.

Nguvu nayo hupungua, kwani gesi huchukua sehemu ya nafasi ya hewa ndani ya injini. Arusha, iliyo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, hewa yenyewe ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo hata gesi ingekuwepo, kilima ningekipanda kwa petroli.

Wapo wanaoshauri mfumo huu ujazwe gesi ya mitungi ya kupikia, ambayo ipo kila duka. Ushauri huo ni wa hatari na usifuatwe. Gesi ya kupikia ni ya aina nyingine, huhifadhiwa ikiwa kimiminika kwa mgandamizo mdogo zaidi, na ikivuja hutuama chini badala ya kupaa kama gesi asilia. Gari linaweza kuitumia likifungwa vifaa vyake maalumu, lakini si vifaa vya CNG.

Anayeuziwa Noah yenye mtungi hapa kaskazini aangalie kwanza injini. Noah za 2001 hadi 2007 zina injini ya 1AZ-FSE, inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na nozeli zake huhitaji petroli ipite ili zipoe. Mfumo wa kawaida wa gesi hauzifai. Aangalie pia tarehe ya ukaguzi iliyogongwa kwenye mtungi, hali ya plagi, na kama pampu ya petroli imeharibiwa na mwenye gari aliyezoea kutembea na tangi tupu akitegemea gesi. Kuhusu bei, alipe ya Noah ya petroli tu, isipokuwa kama kazi yake humpeleka Dar es Salaam na kumkalisha huko kwa majuma. Sisi tumekwisha kumwomba fundi mwenye ujuzi wa gesi autoe mtungi, azibe ncha za mabomba na kuziacha nozeli na kompyuta ya gesi mahali pake, ili buti lirudi kabla ya Desemba.