London hadi Paris: ukate tiketi ipi?

Kutoka London hadi Paris ni kama kilomita 344 kwa mstari ulionyooka, na ratiba za ndege huonyesha safari ya muda wa saa 1 na robo hivi. Hapo ndipo wageni wengi wanapoponzwa. Hesabu muda kuanzia unapofunga mlango wako hadi unapopiga hodi kwa mwenyeji wako. Kwa hesabu hiyo naweka treni mbele, ndege ya pili, basi la tatu.

Treni ya Eurostar inaondoka St Pancras, katikati ya London, na kukushusha Gare du Nord, Paris penyewe, baada ya saa 2 na dakika 20 hivi. Handaki la chini ya bahari, lililofunguliwa 1994, lina kilomita 50 lakini unalipita kwa dakika 20 tu: giza dirishani, masikio yanaziba kidogo, mara mashamba ya Ufaransa hayo. Polisi wa Ufaransa wanakagua pasipoti hukohuko London kabla hujapanda, kwa hiyo Paris unashuka na kwenda zako. Tiketi ya kawaida inakupa masanduku mawili na begi la mkononi, na chupa yako ya maji hainyang'anywi. Fika stesheni mapema, saa moja na nusu kabla. Ubaya wake ni nauli, inapanda kadiri safari inavyokaribia. Kata miezi miwili mitatu kabla, na ukiweza usisafiri Ijumaa jioni.

Ndege inamfaa anayekaa jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow, au anayeunganisha safari ya mbali. Wengine watatumia saa nzima kufika uwanjani, saa mbili za ukaguzi na kungoja, kisha foleni ya pasipoti na nusu saa ya treni ya mjini, RER B, kutoka uwanja wa Charles de Gaulle hadi Paris. Saa 5 zimekwisha. Tena nauli ya bei ya chini mara nyingi haina sanduku, kwa hiyo jumlisha la kwako kabla hujashangilia.

Basi kutoka kituo cha Victoria, London, huchukua saa 8 au 9, na kwenye bandari ya Dover mnashuka wote na pasipoti mkononi, hata kama ni usiku wa manane. Ila kwa mwanafunzi, au msiba wa ghafla, ndilo lenye bei inayobebeka.

Kwa njia yoyote, mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya ambamo Ufaransa imo, hata akiwa na kibali cha kuishi Uingereza. Viza ipatikane kwanza, tiketi isiyorudishiwa pesa baadaye. Na sambusa za nyama ulizomkaangia shangazi ziache nyumbani: tangu 2021 nyama na maziwa kutoka Uingereza haviruhusiwi kuingia Ufaransa mikononi mwa msafiri. Mpelekee za dengu.