Explorer ya polisi ya mnadani: maili achana nazo, angalia masaa

Wiki ya tatu sasa naendesha Ford Explorer iliyokuwa ya polisi, ya 2016, nimeichukua mnadani hapa Columbus, Ohio, dola 6,100 na juu yake asilimia 10 ya wenye mnada, na kila ninayekutana naye kanisani ananiuliza umeipataje, kwa hiyo naandika mara moja niwe nimemaliza. Nyota 3 kwa 5. Gari yenyewe ningeipa 4, moja nawakata wenye mnada.

Mjue kwanza utaratibu wao. Unauziwa kama ilivyo, ukishinda ni yako na magonjwa yake yote. Kuiendesha hawaruhusu, siku ya ukaguzi unawasha, unafungua boneti, unachungulia chini, basi. Tangazo lilikuwa na maneno mawili tu: inawaka, inatembea.

Nikamchukua fundi wangu, mzee mmoja wa Tanga ana miaka mingi huku. Tumefika saa mbili asubuhi, mimi mbio kwenye nyeupe moja safi inang'aa, maili 98,000, kichwani nishaanza kumpigia mama watoto. Fundi hata funguo hakuomba, akaweka kiganja juu ya boneti. "Ya moto hii. Wameshaiwasha kabla hatujafika." Maana injini ikishapata joto kelele nyingine zinapotea, unaisikia nzuri kumbe asubuhi ilikuwa inalia kama cherehani.

Halafu akaingia ndani akabonyeza bonyeza vitufe vya usukani mpaka dashibodi ikaonyesha masaa. Injini imefanya kazi masaa 7,400, na kati ya hayo 4,600 ni sailensa, yaani gari imesimama injini inaunguruma tu. Polisi huku hawazimi gari jamani, ana kompyuta, redio, taa, AC, vyote vinakula umeme, anakaa pembeni ya barabara shifti nzima. Ford wenyewe wanahesabu saa moja ya sailensa ni kama maili 33. Piga hesabu, 4,600 mara 33 ni 151,800, ongeza zile 98,000, unakaribia laki mbili na nusu. Nani ameshawahi kuuliza jenereta limetembea kilomita ngapi?

Hapo mimi bado naipenda tu. Akafungua kifuniko cha oili, akamulika tochi ya simu, chini ya kifuniko kuna povu rangi ya chai ya maziwa. Kwenye kifuniko peke yake inaweza kuwa mvuke wa baridi tu, ndio maana akachomoa na stiki ya kupimia oili, na yenyewe ikatoka na chai, yaani maji yameingia kwenye oili. Hizi injini za V6 ya lita 3.7 wota pampu, ile ya kusukuma maji ya kupoza injini, imefichwa ndani kabisa, inazungushwa na taimingi cheni, sili ikichoka maji yanaweza kwenda moja kwa moja kwenye oili, na kuibadilisha ni kubomoa mbele yote ya injini, kwa gereji za huku unaongelea maelfu ya dola. Mzee akapangusa kidole kwenye suruali yangu mimi. "Twende mwanangu."

Niliyonunua ni ya kijivu, ilikuwa mstari wa nyuma hata haijaoshwa. Maili 121,000, watu wanaipita. Masaa 4,100, sailensa 1,000 tu. Siti ya dereva upande wa kushoto haijachanika, na pale ndipo mkanda wenye bastola unapokwangua kila akipanda na kushuka, kwa hiyo huenda ilikuwa ya bosi wa ofisini. Oili safi, giaboksi haigongi ukiweka rivasi.

Matundu sasa, hapa msiwe wavivu. Wakifunga taa na antena wanatoboa bodi, wakizitoa mengine wanaziba na mengine wanayaacha. Julai 2017 polisi wa Austin, Texas waliegesha karibu Explorer 400 kwa sababu ya moshi wa ekzosi kuingia ndani, na dawa mojawapo ya Ford ilikuwa kuziba vizuri matundu ya nyuma yaliyotobolewa na wafunga vifaa. Ya kwangu tumekuta mawili chini ya kapeti ya buti, yamezibwa kwa gundi ya karatasi!! Nimeziba upya na nimeweka na kile kikengele kinacholia gesi ya ekzosi ikiingia ndani.

Malalamiko yangu: niliambiwa funguo mbili nikapewa moja. Siku ya pili betri imekufa kabisa, kumbe waya mmoja waliukata chini ya dashibodi wakauacha una moto, fundi ameutafuta masaa matatu. Mafuta inakunywa, hilo nilijua.

Na milango ya nyuma haifunguki kwa ndani. Hilo nalo nilijua, nikasahau. Jumapili nimefika kanisani nimeshuka zangu nasalimiana na watu, dakika kumi nzima, mpaka mtoto ananivuta shati, baba, bibi anagonga kioo. Mama mkwe siku hizi anakaa mbele, mke wangu ndiye anakaa nyuma mpaka fundi aje Jumamosi, na kaniambia isiwe Jumamosi nyingine.