Nilivyohamisha shajara ya Lotus Organizer yenye wageni wa miaka 12

Tangu mwaka 2003 hadi 2015 wageni wote wa nyumba yetu ya kulala wageni hapa Mkomani, Lamu, niliwaandika katika Lotus Organizer, ile programu ya shajara iliyochorwa mithili ya daftari lenye vichupo vya rangi, ambayo ukitupa kitu katika pipa lake la taka, pipa huwaka moto. IBM iliacha kuihudumia mwaka 2014. Faili yangu inaishia na .or6, haifunguki kwa Excel wala kwa kalenda ya simu, na ukiilazimisha kwa Notepad huoni ila mkorogo wa alama. Kompyuta ilipoanza kujizimia yenyewe nikaona heri niyatoe maandishi yangu ingali hai.

Kwanza nilijaribu huduma moja ya mtandaoni, ambapo unapakia faili, unalipa, kisha unaletewa kalenda ya muundo wa .ics. Muundo wenyewe sina ugomvi nao, kwa sababu ni maandishi matupu yanayosomeka: kila miadi hufunguliwa na BEGIN:VEVENT na kufungwa na END:VEVENT. Kilichonishtua ni mwezi Mei. Mei ni masika, nasi hufunga nyumba tukapaka chokaa, lakini kalenda ilinionyesha vyumba vimejaa. Kumbe wageni wa tarehe 5 Agosti walikuwa wamehamishiwa tarehe 8 Mei, kwa kuwa huduma ile ilisoma mwezi kabla ya siku, kama waandikavyo Wamarekani. Tarehe 13 na kuendelea zilibaki sawa, maana hakuna mwezi wa 13, na hapo ndipo palipo na hatari: ukikagua tarehe 20 utadhani kazi yote ni safi.

Saa nazo zilikuwa zimeruka. Mgeni wa kupokewa jetini saa nne asubuhi aliandikwa saa saba mchana. Sisi tumezoea kuachana na saa ya kompyuta kwa saa sita, lakini hizi zilikuwa tatu, na sababu yake niliiona katika mstari huu: DTSTART:20120508T100000Z. Ile Z ya mwisho huiambia simu kwamba saa hiyo ni ya UTC, yaani saa ya kimataifa, nayo simu ikaongeza saa tatu za Afrika Mashariki. Wenye huduma ile niliwaandikia mara mbili wasinijibu. Linalonikera zaidi ni kwamba faili ile ilikuwa na namba za pasipoti za wageni, nami nimeipakia kwa watu nisiowajua.

Baadaye nilikwenda kwa kijana mwenye kibanda cha kompyuta Langoni. Kabla hajagusa chochote aliniambia, "Ami, tunakili faili kwanza, mashine hii ikizima katikati tutajuta." Akaiweka nakala katika kompyuta nyingine, akasakinisha Organizer kwa ile CD yangu ya zamani, kisha akatoa kalenda na anwani, kila sehemu peke yake, kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Alipoziingiza katika Excel alichagua mpangilio wa siku, mwezi, mwaka, na kwa herufi akachagua zile za Windows za zamani badala ya UTF-8, mfumo wa herufi wa siku hizi, kwa hiyo hata majina ya Wajerumani yenye ü yalitoka salama. Tulikaa alasiri nzima, akanitoza shilingi 1,500, na Mei yangu ikarudi tupu.

Nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu miadi ya kujirudia, kama malipo ya maji ya kila mwezi, ilitoka mara moja tu, na hakunitanabahisha mpaka nilipoiona mwenyewe nyumbani. Hizo nimeziandika upya kwa mkono. Faili ya .or6 nimeihifadhi katika flashi mbili, na mjukuu wangu ameruhusiwa kuchezea kompyuta ile ya zamani kwa sharti kwamba haligusi lile pipa la moto.