Altrasaundi ya kifundo cha mkono na bega, Upper Hill: uzoefu wangu

Daktari wa mifupa aliomba vipimo viwili kwa mpigo: neva ya kati kwenye kifundo cha mkono wa kulia, kwa sababu ya vidole kufa ganzi usiku, na kano za bega la upande huohuo. Nilifanyiwa katika kituo kimoja cha picha pale Upper Hill, Nairobi. Bega walilipima vizuri sana. Kifundo ni wastani. Ripoti ndiyo iliyoniudhi.

Nianze na mashine, maana hapo ndipo wateja wengi hulipa bila kujua wanalipia nini. Neva na kano za mkono ziko karibu na ngozi, kwa hiyo zinataka probu (kile kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi) bapa yenye mawimbi ya juu, megahezi 10 kwenda mbele, na kwa kifundo 15 au zaidi ndiyo raha. Ile iliyopinda ya kuangalia ini na ujauzito, yenye megahezi 2 hadi 5, inafika ndani zaidi lakini nyuzi za kano haizitofautishi. Hapa walitumia bapa bila kuombwa. Ukiona umepakwa jeli begani na mtu ameshika ile iliyopinda, uliza kwa nini. Mtu mnene sana au nyonga iliyo ndani ni sababu halali. Bega la kawaida si sababu.

Kwenye kifundo, neva ya kati hupimwa eneo lake ikitazamwa kana kwamba imekatwa upana, pale inapoingia kwenye handaki (njia nyembamba ya kifundo inamopita pamoja na kano), usawa wa kifupa cha pisifomu upande wa kidole cha mwisho. Wengi huweka mpaka kwenye milimita 10 za mraba. Ikizidi hapo na dalili zipo, kubanwa kunashukiwa. Mstari wa kupimia unapaswa kupita ndani ya lile ganda jeupe linaloizunguka neva. Ukilijumlisha ganda, neva inanenepa kwenye karatasi ilhali mwilini iko vilevile. Tena kuna watu wenye neva nene tangu kuzaliwa, ndiyo maana wajuzi hupanda hadi kwenye kigasha, wakapima neva ileile na kutoa tofauti. Tofauti ya milimita 2 za mraba au zaidi ina uzito kuliko namba moja iliyosimama peke yake. Mpimaji wangu aliishia kifundoni, na mkono wa kushoto hakuugusa. Jambo jema alilofanya ni kuangalia kama neva imegawanyika mara mbili na kama kuna mshipa wa damu unaoandamana nayo ndani ya handaki. Daktari wa upasuaji anataka kuyajua hayo kabla ya kushika kisu. Picha hata hivyo inaonyesha umbo. Neva inafanya kazi kiasi gani ni swali la kipimo cha umeme wa neva, na kimoja hakiondoi kingine.

Bega ndilo lililonifurahisha. Kano ya supraspinatasi, ile ya kusaidia kuinua mkono kando, hujificha chini ya mfupa wa juu wa bega, kwa hiyo ukiambiwa ukae bila kutikisika tu, picha ni nusu. Niliambiwa niweke kiganja kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, kiwiko kikielekea nyuma, na kano ikatokeza. Kwenye skrini sehemu moja karibu na inaposhikana na mfupa ilikuwa nyeusi, mithili ya shimo. Mpimaji hakuandika kitu. Aliinamisha probu kidogo, pole pole, na nyuzi zikang'aa tena zikiwa zimejipanga. Weusi ule hutokea mawimbi yanapoigonga kano kimshazari yasirudi kwenye probu, na ndiyo chanzo kikubwa cha kano nzima kuandikwa kuwa imechanika. Mpasuko wa kweli hubaki mweusi kwa pembe zote na hadi kwenye mwonekano wa pili, wa urefu na wa upana. Kisha nikainua mkono kando huku akitazama kama kano na kifuko cha majimaji vinakwama chini ya mfupa. MRI (picha za sumaku) ya kawaida haikuonyeshi mwendo huo.

Ila altrasaundi ina ukuta wake, nao ni mfupa. Ligamenti za msalaba ndani ya goti, gegedu iliyojificha, mfupa uliovimba kwa ndani: hayo ni ya MRI, na bei yake ni ya juu zaidi. Kwa goti ulizia mashine ya Tesla 1.5 au 3 (kipimo cha nguvu ya sumaku) na koili maalumu ya goti, yaani kile kifaa cha kunasa picha kinachozungushiwa goti. Mashine iliyo wazi yenye sumaku dogo inawafaa wanaoogopa kufungiwa, lakini vitu vidogo huvionyesha kwa shida. Aliyeanguka na boda boda aanze na eksirei, na goti la uzee lipigwe eksirei mtu akiwa amesimama, kwani akilala nafasi kati ya mifupa huonekana kubwa kuliko ilivyo.

Sasa ripoti. Kifundo kilipewa namba, sawa. Bega likapewa "kano ziko sawa" na basi: haikutajwa kano zipi, wala kwamba zilitazamwa zikisogea. Picha zilichapwa kwenye karatasi ya joto inayofifia ikikaa juani. Dai sidii yenye faili asili kabla hujaondoka kaunta. Wangu walinitolea nilipoomba, kwa manung'uniko.

Kabla ya kwenda: usifunge kula wala kunywa maji mengi, hayo ni ya tumbo. Vaa fulana isiyo na mikono, vua pete na saa. Mwenye SHA (bima ya afya ya serikali ya Kenya) au bima binafsi aulize kwanza kama kituo kina mkataba na kama kibali kinahitajika. Fomu isiandikwe "altrasaundi ya mkono" tu; iandikwe vidole vipi, tangu lini, na swali lenyewe.

Kwa bega ningerudi palepale, na kwa mpimaji yuleyule. Kwa neva ningepiga simu kwanza kuuliza kama wanapima na kigasha.